Wake Kumi na Wanne wa Bwana Muda

Nimestaafu, na wenzangu wa ofisini wamenipa saa ya ukutani, kana kwamba miaka yote ile shida yangu ilikuwa kutojua ni saa ngapi. Aline, mwandishi wetu wa programu, hakuchangia saa. Yeye aliniambia, "Mama, wewe andika. Sisi tunabaki na kazi yako, lakini hatujui kwa nini ulifanya vile." Basi naandika. Habari za vyeo mtazikosa, kwa sababu vilikuwa vichache na vyote vilinikuta kwenye meza ile ile. Mshahara wangu niachieni mwenyewe.

Mimi ni Mnyarwanda niliyelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kinawachosha. Nilipokuja Kigali nilipata kazi kwenye mfuko wa afya wa ushirika wa mafundi magari, Gikondo. Ofisi ilikuwa juu ya ghala la vipuri, na chini uani palikuwa na zahanati ndogo ya mfuko. Ukifungua dirisha unapata harufu ya rangi ya kupuliza. Ukilifunga unapata moshi wa kiko cha Mzee Balthazar, mtunza kumbukumbu, mtu aliyesoma kwa Kifaransa, akahesabu kwa Kifaransa, na Kiswahili akakiweka kwa ajili ya kugomba tu.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha makabati ya kadi. Kila fundi mwanachama alikuwa na kadi yake, na nyuma yake yameandikwa majina ya mke na watoto. Nikakuta kadi ya mtu aliyefariki, nikaichana, nikidhani nasafisha droo. Mzee aliruka kutoka kitini.

"Weye! Kadi hapana chana! Mutu iko anakufa, kadi hapana kufa!"

Alinikalisha na gundi mpaka vipande vikarudiana. Kisha akanipa kalamu nyekundu nipige mstari mmoja juu ya jina la marehemu na niandike tarehe pembeni. Mke na watoto walibaki nyuma ya kadi kama walivyokuwa. Asubuhi nzima iliishia hapo, nami nikamwona ni mzee mgumu asiye na shughuli.

Kompyuta zilipofika, Mzee alistaafu, nami nikajifunza SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Kadi zikawa majedwali: jedwali la wanachama, jedwali la wategemezi, jedwali la dawa. Ukitaka jambo unaandika swali lako mwenyewe, neno kwa neno, na ukikosea koma unajibiwa kwa ukali. Ofisini wakaniita Mama Selekti, kwa lile neno linaloanza kila swali. Daktari akitaka orodha ya wagonjwa wa presha, anapanda ngazi kwa Mama Selekti. Mkurugenzi akitaka kujua ameajiri watu wangapi, anapanda ngazi kwa Mama Selekti. Sitawaficha, kichwa kilinivimba, na kilikaa hivyo miaka mingi.

Kisha akaja Aline. Alikuwa ametoka kusoma Kampala, na kompyuta yake ilikuwa na vibandiko vingi hata hujui rangi yake halisi. Aliangalia maswali yangu ya SQL kwa heshima, namna unavyoangalia picha ya harusi ya bibi yako, akasema, "Mama, sasa hatuandiki hivi. Tuko na ORM."

Kwa ajili ya mtakaokuja bila kuijua: programu inaiona dunia kama vitu. Kuna kitu kinaitwa Mwanachama, kina jina, kina picha, na kimewashika wategemezi wake mkononi. Hifadhidata haijui vitu, inajua majedwali tu, mistari na safu. ORM inakaa katikati. Wewe unasema kwa lugha ya programu, "nipe mwanachama huyu na watoto wake," yenyewe inakwenda kuandika SQL na kukuletea jibu. Niliielewa upesi kuliko Aline alivyotarajia, kwa sababu nimeshakaa kwenye posa nyingi. ORM ni mshenga. Unamtuma ukweni, anasema kwa niaba yako, anarudi na jibu, na wewe hujui kule ndani amesema nini kwa jina lako.

"Hakuna haja kujua, Mama," Aline akaniambia. "Ndiyo maana iko."

Sikumpinga. Kusema kweli, mshenga alikuwa hodari. Fomu ambayo ingenichukua wiki, Aline aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na koma zote zilikuwa mahali pake. Nikaanza kuamini wakati wangu umepita. Nikawa namwagilia maua ya dirishani kwa bidii kubwa, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi pekee ambayo hakuna aliyeniambia ni ya kizamani.

Kesi ya kwanza ya mshenga ilikuwa ndogo. Deo, karani wetu wa mapokezi, alikuwa akifungua orodha ya wanachama kila asubuhi. Ikawa anaifungua, anakwenda kunywa chai, anarudi, bado haijafunguka. Mkurugenzi akaamua kompyuta imechoka, ikanunuliwa mpya. Deo akawa anasubiri mbele ya kioo kikubwa zaidi. Hapo nikamwomba Aline atuonyeshe kila SQL ambayo mshenga anaiandika. Mistari ikaanza kutiririka, haikomi. Mshenga alikuwa ameomba orodha ya wanachama wote kwa safari moja, vizuri kabisa, halafu kwa kila mwanachama akarudi tena mlangoni kuuliza: na wategemezi wa huyu? Na wa huyu je?

"Unamtuma mtu sokoni Gitega nyanya moja moja," nikamwambia Aline, "halafu unalaumu viatu vyake."

Aline alicheka mpaka akajifuta macho. Akaongeza neno moja kwenye programu ili mshenga alete wote pamoja, na orodha ikafunguka kabla Deo hajainuka kitini. Wote tulifurahi isipokuwa Deo, aliyekuwa ameipenda chai ile. Tangu siku hiyo Aline na mimi tukawa tunakula pamoja.

Kesi ya pili haikuwa ndogo. Fundi wetu mmoja wa breki, Silas, alifariki baada ya kuugua miezi kadhaa. Aliacha mke, ambaye sote tulimwita Mama Divine, na watoto wanne. Divine ndiye mkubwa, ana miaka kumi na mmoja, na ana kisukari, kile kinachowapata watoto. Lazima achomwe insulini kila siku. Akiikosa siku chache, anakufa. Hili naliandika waziwazi ili yanayofuata msiyasome kwa kucheka tu. Insulini yake ilitoka kwenye zahanati yetu, kwa kadi ya baba yake.

Kwetu mtu akifiwa, wenzake wanakwenda kumshika mgongo. Gufata mu mugongo, ndivyo tunavyosema. Ofisi nzima tulikwenda Kinyinya, kwenye nyumba ambayo Silas aliiacha haijaisha upande mmoja, tukiwa na kreti mbili za Fanta. Mkurugenzi alisimama akasema maneno mazuri: Silas alikuwa nguzo, mfuko ni familia, na Mama Divine na wanawe kamwe hawatasahauliwa katika ofisi yetu. Tukaitikia amina. Mama Divine alitushukuru mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Deo alilia. Ni mtu mwema, machozi yake yako karibu, na asubuhi ile, kabla hatujapanda gari, alikuwa ameshatimiza wajibu wake kwa marehemu. Alikuwa amefungua ukurasa wa Silas na kubonyeza Futa.

Wiki iliyofuata Mama Divine alikuja kuchukua insulini. Nesi akaandika jina lake kwenye kompyuta, hakuna. Akaandika la Divine, hakuna. Akampandisha juu kwa Deo.

"Mama, haumo," Deo akamwambia kwa upole.

"Simo namna gani? Jumamosi mulikuwa kwangu, mulikunywa na Fanta."

"Yego, ndiyo, na pole sana, Mama. Lakini kwa sistemu haumo."

"Na Divine?"

"Divine pia. Hamumo wote. Labda hamukuandikishwa?"

Nesi alimpa chupa moja kutoka kwenye friji na kuiandika kwenye daftari lake mwenyewe. Hilo ni kosa kwa mujibu wa kanuni, na naomba msimwambie mtu.

Aline na mimi tukafungua kumbukumbu ya SQL ya siku ya msiba. Deo alisimama nyuma yetu, jasho linamtoka. "Mimi nilifuta Silas peke yake," alisema. "Ikaniuliza uko na hakika, nikabonyeza yego. Haikusema watoto!" Ni kweli haikusema. Mshenga ana adabu zake: alikuwa amewafuta kwanza watoto, mmoja mmoja, kisha mama yao, na mwenye nyumba akamfuta mwisho. Alifanya hivyo kwa sababu ya agizo moja fupi kwenye programu, kwamba mwanachama akifutwa, wategemezi wake wafutwe pamoja naye. Aline alikuwa amelinakili kutoka kwenye mfano wa kujifunzia. Katika mfano ule ilikuwa oda ya duka na bidhaa zake. Ukifuta oda, mistari ya sabuni na mchele haina kazi tena. Hakuna kati yetu aliyekaa akajiuliza kama mke ni mstari wa sabuni.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Aline akasema, na safari hii hakucheka.

Nakala ya akiba ilikuwepo. Nilitaka kuwarudisha kwa SQL yangu, lakini Aline akasema tumpitishe Silas kwa mshenga, ni salama zaidi. Kumbe programu ilikuwa imefundishwa kumkaribisha kila anayeingia. Simu ya marehemu, ambayo sasa ilikuwa mkononi mwa mjane wake, ikapokea ujumbe: "Karibu katika familia yetu, Silas! Afya njema inaanza leo." Mama Divine akapiga ofisini, nikapokea mimi. Hakugomba. Aliuliza tu kama Silas amefika huko kwetu.

Mkurugenzi akaamuru Silas atolewe saa ile ile. Lakini programu ilikuwa na msimamo wake: mtegemezi lazima amtegemee mwanachama, na mwanachama lazima awe fundi. Mjane hakuwa na pa kujishikiza.

"Tuweke mwanachama mumoja wa muda," Aline akasema. "Wajane wote tunawatundika kwake, halafu nitarekebisha taratibu."

Alisema wajane wote kwa sababu nilikuwa nimepekua nakala za zamani nikakuta kaya nyingine kumi na tatu zilizofutwa vile vile. Hakuna mjane hata mmoja kati ya wale aliyefika kwangu kulalamika. Waliambiwa kwenye dirisha la Deo hamumo, wakarudi nyumbani. Hilo liliniuma kuliko yote, maana meza yangu na dirisha lile ni hatua kumi.

Hata hivyo nilikubali. Nilijua ni upuuzi, lakini nilikuwa nimebakiza miezi michache, na nilitaka kuondoka bila makelele. Ndivyo alivyozaliwa Bwana Muda: jina la kwanza Muda, la pili Mwanachama, kazi fundi, makazi Gikondo, wake kumi na wanne, watoto arobaini na mmoja.

Bwana Muda aliishi vizuri, na programu ilimjali. Ilimwandikia kumkumbusha apime presha, jambo la busara kwa mtu wa hali yake. Kisha ikamwalika kwenye semina ya uzazi wa mpango, mara tatu, kila barua kali kuliko iliyotangulia. Mwenyekiti wa ushirika, mlokole wa kweli, alimkuta kwenye ripoti akapanda ngazi akihema.

"Huyu Muda ni Mukristo?"

"Mzee, huyu hayuko," Mkurugenzi akamjibu. "Ni wa muda tu."

"Na hawa mabibi kumi na wanne, nao ni wa muda?"

Alitaka aitwe mbele ya kamati. Tulimweleza karibu saa nzima, akaondoka akisema kwamba hata mtu asiyekuwepo anapaswa kuwa na kiasi. Yale marekebisho aliyoyaahidi Aline, kwa upande mwingine, hayakuanza. Mkurugenzi alikuwa amempa kazi ya haraka, ya kubadilisha rangi ya ukurasa wa mbele kutoka bluu hadi bluu nyingine.

Rangi ilipokamilika, Mkurugenzi alitangaza wiki ya usafi wa kumbukumbu. Kila mwanachama asiye na picha aondolewe. Deo ni mchapakazi, na Bwana Muda alipozaliwa yeye alikuwa likizo, kwa hiyo hakuna aliyemtambulisha. Alimkuta hana picha. Akampigia simu siku tatu mfululizo, kwa haki kabisa, ingawa namba yenyewe ilikuwa sifuri tupu. Siku ya nne akabonyeza Futa. Ikamuuliza una hakika, naye alikuwa nayo. Wanawake kumi na wanne na watoto wao wote wakatoweka kabla hajainua kidole.

Safari hii Mama Divine hakusubiri kupandishwa, alipanda mwenyewe. Insulini ya Divine ilikuwa imebaki ya siku mbili.

"Mumenitoa tena," alisema.

Deo akasimama. "Mama, mimi nilitoa Muda peke yake..."

"Muda ni nani?"

Aline aliniangalia mimi, nami nikayaangalia maua.

"Mama Divine," nikasema mwishowe, "kwenye sistemu, Muda ndiye mume wako."

Alinitazama sana. "Nani aliniozesha kwake?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona aibu kama ile. Sikuweza kumtupia mshenga lawama. Tulimtuma sisi, na mimi nilijua njia anayopita.

Mkurugenzi akatoka chumbani kwake na sauti ile ile ya msibani. Akasema watarudishwa wote leo leo, atatafutwa mwanachama mwingine, na huyu atapigwa picha. Deo, kwa wema wake, akajitolea. Akasema yeye bado ni kapera, wote wawekwe kwake. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba yeye si fundi.

"Oya, hapana," Mama Divine akasema. "Sitaki bwana. Muandike mimi mwenyewe."

"Mama, sheria inasema mwanachama ni fundi."

"Tangu Silas alale kitandani, nani iko anafunga breki pale gereji kwetu? Gari yako wewe, wiki ile, nani alifunga?"

Mkurugenzi alikuwa ameshuka na gari lile mlima wote asubuhi hiyo. Akampigia simu Mwenyekiti. Sikusikia upande wa pili, ila mazungumzo yalikuwa mafupi, na nilikumbuka kwamba Mwenyekiti naye ana gari.

Aline akaketi, mimi nikavuta kompyuta yangu kando yake. Yeye aliandika mwanachama mpya, mimi nikawachukua watoto wanne kutoka kwenye nakala ya akiba na kuwarudisha kwa SQL, mstari kwa mstari. Tukakubaliana wale wajane kumi na watatu watafuata, kila mmoja kwa jina lake. Ilibidi tumuulize Mama Divine jina lake kamili. Anaitwa Vestine Mukeshimana, na kati yetu sote tuliokunywa Fanta yake hakuna aliyelijua. Deo alimpiga picha mbele ya ukuta mweupe. Alijifunga upya kitambaa cha kichwa, akainua kidevu. Kadi ilipotoka kwenye mashine, nesi alipiga kelele kutoka chini, "Divine ameonekana!" Tukashusha pumzi. Mkurugenzi akakohoa kidogo, ishara kwamba hotuba inakuja.

Mama Divine hakumngoja. Alikuwa akiyasoma majina ya wanawe kwenye kadi kwa kidole chenye grisi kwenye ukucha, la kwanza mpaka la nne. Kisha akamgeukia Aline.

"Na mimi, siku nitakufa, huyu kijana atabonyeza tena ile kitu yake?"

Aline alitazama kioo cha kompyuta. Lile agizo fupi lilikuwa pale pale. Tulikuwa tumebadilisha mwenye kadi tu.

"Ile bado sijagusa, Mama," alisema polepole. "Nitaifanya wiki hii."

Mama Divine akavuta kiti cha Deo, akakisogeza mpaka kwenye meza ya Aline, akakaa na kuweka mkoba wake magotini.

"Nta kibazo, hakuna shida," akasema. "Nitangoja."